JE, DAWA YA DAMU YAWEZA KUWAFUNGIA VIRUSI MLANGO?



Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, jirani yetu mmoja hapa Makongeni, mama muuza mboga, aliniuliza swali lililonitoa jasho.

"Wee mtoto si unasoma sayansi? Nasikia ati dawa ya kuzuia damu isigande inazuia hii korona pia. Baba watoto alipewa vidonge hivyo mguu ulipofura, na vingine vimebaki. Nikimeza kuna ubaya?"

Nilikodoa macho tu. "Usimeze, mama. Muulize daktari kwanza," nikamwambia. Leo ninalo jibu, na kuuliza si ujinga.

Habari zenyewe hazikuwa uvumi mtupu. Dawa iliyozungumzwa ni heparini. Ugunduzi wake ulianza mwaka wa 1916 kwa kazi ya Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore, Marekani. Naam, mwanafunzi! Siku hizi hutengenezwa hasa kutokana na utumbo wa nguruwe, na kazi yake hospitalini ni kuzuia damu isigande ndani ya mishipa.

Je, hayo na virusi yanahusianaje? Bila shaka umewahi kupita kwenye nyasi ukatoka na mbegu za kishona nguo zimejaa kwenye sweta. Virusi vya korona navyo vina miiba ya protini. Seli zetu nazo zimevaa "sweta", yaani minyororo myembamba ya sukari iitwayo heparani salfeti. Minyororo hiyo ina chaji hasi, nao mwiba wa virusi una sehemu zenye chaji chanya. Kama tulivyofunzwa darasani, chaji hizi mbili huvutana. Basi virusi hunasa kwanza kwenye minyororo, kisha hushika kipokezi kiitwacho ACE2. Hicho ndicho mlango wa kuingilia.

Sasa heparini ni ndugu wa karibu wa heparani salfeti. Nayo ni mnyororo wa sukari, tena una chaji hasi nyingi zaidi. Ikiwekwa kati ya virusi na seli, virusi hunasa kwenye heparini. Ni kama kutandaza blanketi juu ya nyasi kabla hujapita: mbegu zitashika blanketi, sweta ibaki safi. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha jambo hilo katika maabara.

Basi mbona tusiimeze? Kwanza, heparini ikimezwa haifiki kwenye damu. Hutolewa kwa sindano. Vidonge kama vya jirani mara nyingi huwa warfarini, dawa nyingine kabisa inayozuia kazi ya vitamini K. Hiyo haifanani na ile minyororo. Pili, anayetumia dawa hizi bila daktari anaweza kuvuja damu, hata ndani ya ubongo, akafa.

Tatu, maabara si mwili wa binadamu. Hapa Afrika tunao ushahidi. Kulikuwa na jeli ya wanawake iitwayo PRO 2000, iliyojaa chaji hasi kama heparini. Katika maabara ilizuia virusi vya UKIMWI. Ikajaribiwa kwa wanawake 9,385 wa Afrika Kusini, Zambia, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Masaka na Mwanza. Matokeo yalipotangazwa mwezi wa Desemba 2009, kumbe haikuwakinga!

Na heparini je? Majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kuwa iliwafaa wagonjwa wa korona waliolazwa lakini hawajazidiwa. Waliokuwa mahututi haikuwafaa. Tena walipewa kwa sababu korona hugandisha damu. Majaribio hayo hayakuthibitisha kuwa ilivifungia virusi mlango.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima wa Thika ameona mawingu mangapi yakipita bila tone? Matokeo ya maabara ni wingu. Tuyafurahie, tuyasome, lakini tusimeze vidonge vya mwingine kwa sababu ya wingu.

Mama mboga hakuvimeza. Hadi leo nikipita kibandani pake ananiita "daktari". Nami nacheka, kwani jibu langu la siku ile lilikuwa fupi tu, lakini lilitosha.