Kioo cha chumba cha eksirei si kioo cha dirisha

Mgonjwa akiingia chumba cha eksirei, mpiga picha humwonyesha namna ya kusimama, kisha hujitenga nyuma ya kizuizi na kumtazama kupitia dirisha dogo. Mgonjwa hukaa humo dakika chache tu. Mpiga picha hurudi nyuma ya dirisha hilo siku nzima, mwaka baada ya mwaka.

Ukilitazama, utadhani ni kioo cha ofisi yoyote, ila lina umanjano kwa mbali. Siri iko ndani yake. Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa, lakini katika hiki mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito ni oksidi ya risasi. Ndiyo, risasi ileile ya betri za magari. Atomu ya silikoni, iliyomo mchangani, ina elektroni 14. Ya risasi ina 82, nayo hunasa miale ya eksirei kwa urahisi zaidi. Kioo cha namna hiyo chenye unene wa milimita 8 au 9 kinaweza kuzuia miale kama bamba la risasi la milimita 2. Cha kawaida cha unene huohuo hupitisha sehemu kubwa yake.

Ajabu ni kwamba kioo cha risasi kilitangulia eksirei. George Ravenscroft wa London alipata hataza yake mwaka 1674, na watu wakakipendea mng'ao wake mezani. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895.

Sasa tuje kwetu. Dirisha hilo likivunjika, la kuagiza ni ghali na huchelewa, ilhali fundi wa vioo yupo mtaani. Ataweka kioo kinene, safi, kinachopendeza kuliko kile cha kwanza. Kazi itaendelea, kwa kuwa mionzi haina harufu wala haiumi. Huenda mtu akashtuka tu pale kipimo anachovaa mpiga picha kifuani kitakaposomwa, pengine baada ya mwezi mmoja au mitatu. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka. Kwa hiyo mganga mkuu asikubali kioo kisicho na maandishi yanayoonyesha kinalingana na risasi ya milimita ngapi, na kwa nguvu gani ya mashine.

Risasi nayo ina sumu, hasa kwa wanaoiyeyusha kiwandani. Watafiti wanajaribu kuweka bismuthi, yenye elektroni 83, au bariamu. Bismuthi huzuia miale vizuri, lakini ikizidi kioo huwa cha manjano hadi kahawia, na dirisha lisiloonyesha mgonjwa vizuri ni ukuta. Penye mionzi mikali zaidi, kama vyumba vya kushughulikia kobalti, hata kioo cha risasi huwa cheusi kadiri muda unavyopita. Huko huongezwa seriamu kidogo, ambayo hunasa elektroni zilizong'olewa na mionzi kabla hazijakitia kioo rangi.

Jambo la mwisho ni kwa wanaofanya usafi: kioo hiki ni laini, hukwaruzika upesi, na dawa zenye asidi hukila. Kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo vinatosha.