Makala imeuzwa, haki imebaki kwa nani?

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipotangaza nauli za treni ya umeme mwaka 2024, safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Soga, kilomita 51 ndani ya Wilaya ya Kibaha, ilipangiwa Sh4,000 kwa daraja la kawaida. Kwenda na kurudi ni Sh8,000, na hapo bodaboda wa kituoni bado hajadai chake. Mwandishi wa kujitegemea anayekwenda Soga kutafuta makala huitoa fedha hiyo mfukoni kabla hajamhoji mtu. Tuseme gazeti litamlipa Sh20,000 makala ikitoka. Toa nauli, toa bando, toa chai aliyomnunulia mwenyeji wake, kisha kilichobaki kigawe kwa siku za kuandika na wiki za kusubiri malipo. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu.

Makala zenyewe zipo. Soga ndiko kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, ilikoweka kambi kubwa ya ujenzi wa kipande cha reli cha Dar es Salaam hadi Morogoro baada ya jiwe la msingi kuwekwa Pugu Aprili 2017, na ndiko kilikokuwa kiwanda cha mataruma ya zege. Kambi ya namna hiyo huleta vibarua, vibarua huleta mama lishe na vyumba vya kupanga. Treni zikianza kukimbia na vibarua wakiondoka, nani anapanga vyumba hivyo? Upande wa Ruvu ipo Kwala na bandari yake kavu iliyozinduliwa Julai 31, 2025. Ukigeukia Kisarawe kuna mikorosho, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi pamoja na biashara ya mkaa inayoikodolea macho, na viwanja vinavyouzwa kwa watu wa Dar es Salaam waliochoka kupanga. Mhariri wa uchumi anayejua kazi yake hawezi kuzikataa zote.

Ila wahariri wenyewe ni wachache. Kizazi kilichosoma Nyota ya Nairobi, Film Tanzania ya Faraji Katalambulla na Sani ya katuni kilikuwa na majarida ya Kiswahili ya kuchagua. Leo sehemu kubwa ya kazi ya jarida imehamia kurasa za ndani za magazeti: Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, na kwa anayeweza kuandika kwa msomaji wa Kenya, Taifa Leo. Femina Hip wameendelea na Fema, jarida la vijana linalosambazwa bure shuleni. Nje ya hapo kuna mashirika yanayotaka simulizi za mafanikio ya miradi yao. Hayo hulipa vizuri kuliko gazeti, lakini mteja wake ni mwenye mradi, wala si msomaji, na mwandishi aingie humo akilijua hilo.

Kwenye soko dogo namna hii mtindo uliozoeleka ni kuandika makala nzima, kuituma, kisha kuomba Mungu. Sioni faida yake. Makala iliyokamilika ikikataliwa, nauli ya Soga imekwenda na siku zimekwenda. Kinachomfaa mwandishi ni kutuma kwanza pendekezo la aya tatu au nne: habari ni ipi, kwa nini itoke mwezi huu, nani amekubali kuhojiwa, picha zipo au hazipo, urefu gani, itakabidhiwa lini. Sentensi ya mwisho iulize malipo. Waandishi wengi huona aibu kuiandika sentensi hiyo, na wahariri wengi wamezoea kutoulizwa.

Wengine hawatumi pendekezo kwa kuogopa kuibiwa wazo. Hofu hiyo ina msingi. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa, wazo lenyewe halimo. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unaziweka kando hata habari za kila siku. Ukimwandikia mhariri kwamba vyumba vya kupanga Soga vimebaki vitupu, naye akamtuma mwandishi wake wa mshahara, huna kesi. Utalalamika kijiweni, basi. Kinga iko kwenye kile ambacho mwandishi wa ofisini hawezi kukipata kwa kupanda treni ya asubuhi na kurudi jioni: mama lishe aliyekubali kufungua daftari lake la madeni, picha za eneo lile lile ulizopiga miaka tofauti, mjumbe anayekuamini. Pendekezo litaje kwamba vitu hivyo unavyo, lakini daftari lenyewe ubaki nalo.

Pendekezo likikubaliwa ndipo linakuja swali ambalo katika biashara hii huulizwa mara chache mno: gazeti limenunua nini hasa? Mchuuzi anayekuja Kibaha msimu wa embe huweza kununua embe zikiwa mtini. Analipa, anachuma, anaondoka, na mwembe unabaki wa mwenyewe. Mwandishi wetu hupokea bei ya embe za msimu mmoja akaondoka akiamini ameuza mti, na mnunuzi naye huamini hivyo hivyo, kwa sababu hakuna karatasi inayosema vinginevyo.

Ruhusa zilizomo ndani ya makala moja ni nyingi. Kuichapisha mara ya kwanza kwa Kiswahili ni moja. Kuiweka kwenye tovuti, kuitafsiri, kuisoma redioni, kuirekodi kwa sauti, kuiingiza kwenye kitabu au kuitengenezea filamu, kila moja ina bei yake na inaweza kwenda kwa mnunuzi wake. Siku hizi imeongezeka ruhusa ya kuilisha programu za akili mnemba, ambayo The New York Times iliifikisha mahakamani dhidi ya OpenAI Desemba 2023. Anayedhani hayo ni ya New York peke yake atazame gazeti lolote la hapa lenye tovuti.

Sheria ya Tanzania Bara, kwa upande huu, ni rafiki wa mwandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, bila sharti la kuisajili, kwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa kanuni hiyo, ulinzi wa kazi alizozichapisha akiwa hai ulifika ukomo 2012. Mwajiriwa anapoandika katika ajira yake, haki za kiuchumi huenda kwa mwajiri isipokuwa wamekubaliana vingine. Wa kujitegemea si mwajiriwa. Haki ni yake mpaka aitoe. Hata akiitoa ya kiuchumi, anabaki na haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na chombo chao cha hakimiliki, COSOZA, hivyo mwandishi wa Unguja asishike karatasi ya Bara akadhani imemfikisha.

Usajili COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ni wa hiari, na faida yake ni ushahidi. Kwa riwaya ninaushauri. Kwa makala ya maneno 1,200 sidhani mtu atapanga foleni, na hakuna haja: barua pepe yenye tarehe inatosha kuanzia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu na barua pepe kupokewa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp unaosema, “Mhariri, nakupa ruhusa ya kuichapisha mara moja gazetini na kwenye tovuti yenu, haki nyingine zinabaki kwangu, malipo ni kiasi tulichokubaliana,” ukijibiwa “sawa,” una uzito kuliko mazungumzo ya saa nzima mgahawani. Kenya nako, sheria ya 2001 inataka uhamisho wa hakimiliki uwe wa maandishi.

Shauri linalofaa kukumbukwa hapa liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 25, 2001. Jonathan Tasini na wenzake, waandishi sita wa kujitegemea, walikuwa wameuza makala zao zichapwe kwenye karatasi. The New York Times na wachapishaji wengine wakaziingiza kwenye hifadhidata za kompyuta zinazouzwa kwa wateja, bila kuwalipa tena. Majaji saba dhidi ya wawili walisema ruhusa ya karatasi haikuwa ruhusa ya hifadhidata. Waandishi walishinda, na ushindi ukawa mchungu, kwani kifungu cha “haki zote, za sasa na zijazo, kwa njia yoyote” kikasambaa katika mikataba ya magazeti makubwa, chukua au acha. Kifungu hicho hicho, kikiwa kimetafsiriwa vibaya, kimeanza kuonekana kwenye fomu za huku. Ukikiona, omba kifutwe au bei ipande. Wakati mwingine mhariri hukifuta bila ubishi, maana hata yeye hakuwahi kukisoma.

Ukitafuta waandishi wa Kiswahili waliotajirika au angalau kujitegemea kwa kalamu, utaona jambo moja: waliishika mashine ya kuchapa, au mlango wake. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alianzisha Heko Publishers akatoa riwaya zake mwenyewe. Eric Shigongo alijenga Global Publishers, na hadithi zake za mfululizo zikauza magazeti ambayo yalikuwa yake. Msomaji aliyeachwa njia panda Jumanne alinunua tena toleo lililofuata, na fedha ikarudi kwa aliyeandika. Waliowaandikia wengine mfululizo kama huo walilipwa kwa sehemu, na gazeti likifa, hadithi ilipotelea kwenye kompyuta ya mtu.

Hadithi za mfululizo sasa ziko kwenye simu. Mwandishi anafungua kundi la WhatsApp, anatoa sehemu za mwanzo bure, kisha anayetaka kuendelea anatuma fedha kwa simu. Kwa mtazamo wa biashara huu ni mfumo mzuri kuliko wa gazeti: hakuna mhariri wa kuchelewesha malipo, hakuna karatasi, na mwandishi anamjua kila mteja kwa namba. Tatizo huanza mteja mmoja anapozikusanya sehemu zote kuwa faili moja na kulituma kwenye makundi mengine. Baada ya muda sauti ya mtu usiyemjua inaisoma hadithi yako YouTube, matangazo ya biashara yakipita katikati, na jina lako halimo. Hapo sheria iko wazi: kunakili na kurekodi bila ruhusa ni ukiukaji. YouTube wana utaratibu wa kuondoa kazi iliyolalamikiwa, nao hufanya kazi kwa anayeweza kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyeandika. Kwa WhatsApp hakuna dawa ya haraka. Baadhi ya waandishi wameamua kumalizia sura za mwisho kwenye kitabu cha karatasi tu, hila ndogo lakini yenye akili.

Upo pia mlango wa tuzo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, humpa mshindi wa kwanza Sh10 milioni, na kitabu huchapwa kwa gharama ya Serikali. Ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell iligawa jumla ya dola 15,000. Fedha hizo ni nyingi kuliko makala za mwaka mzima, lakini masharti ya shindano lolote nayo ni mkataba. Soma panapohusu nani atachapa, kwa lugha zipi na kwa muda gani. Haki ya tafsiri hasa isitupwe: Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994, na Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28 ilipita na ruhusa ile bado ilikuwa na mnunuzi.

Kuhusu kucheleweshewa malipo, jiji la New York lina sheria tangu Mei 2017 inayomtaka anayempa mtu wa kujitegemea kazi ya dola 800 au zaidi aandike mkataba, na kama tarehe ya malipo haikutajwa alipe ndani ya siku 30. Huku mzigo uko kwa mwandishi: ataje tarehe mwenyewe. Asipolipwa anaingia kwenye kishawishi ambacho kila mtu wa fani anakijua, bahasha ya aliyeandikwa, na hapo makala inakuwa imeuzwa mara mbili kwa wateja wenye maslahi tofauti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nayo inamtaka anayefanya uandishi wa habari awe na ithibati. Asiye nayo ni rahisi kuambiwa hana pa kulalamikia, ingawa deni ni deni, na sheria ya mikataba haiulizi kitambulisho cha uandishi.

Imebaki kodi, na ndiyo inayowashangaza wengi fedha inapoingia ikiwa pungufu. Ada ya huduma kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Mrabaha hukatwa asilimia 15. Ankara inayosema “kuandika makala” ni tofauti na inayosema “ruhusa ya kuchapisha tena makala iliyokwishaandikwa,” na ofisa wa hesabu wa gazeti atakata kulingana na alichosoma. Andika maelezo yanayolingana na mlichokubaliana, na kila makato dai hati ya kodi ya zuio, kwa sababu TRA hawatakutafutia.