Chakula cha Kijiji Kipya

Shikeni kalamu.

Mmehamia kijiji kipya. Mahindi mnayopanda leo yatakomaa baada ya miezi 4 hivi. Mtakula nini kabla ya hapo?

Tufanye hesabu. Watu 6 wa nyumba moja, kila mmoja akila nusu kilo ya dona kwa siku, humaliza kilo 3. Gunia la kilo 90 ni siku 30 tu. Basi kila nyumba ihitaji magunia 4, na mbegu ziwekwe mbali.

Pandeni mchicha na kunde upesi. Majani huchumwa baada ya wiki 4 hivi. Muhogo hukawia, lakini ukikomaa hungoja ardhini. Ule mchungu msiule mbichi, una sumu.

Ghala la pamoja huleta ugomvi. Pimeni posho kila Jumamosi mbele ya wote, na kila mtu asome jina lake na kilo zake daftarini kabla hajaondoka.