Vyombo vya Kioo vya Maabara: Umbo na Kazi

Katika maabara ya kemia, umbo la chombo ndilo linaloeleza kazi yake. Chombo kipana ni cha kuchanganyia, chembamba ni cha kupimia, na chenye mrija ndani ya mrija ni cha kupozea mvuke. Vingi hutengenezwa kwa kioo kwa kuwa kioo huonyesha kilichomo, iwe ni rangi inayobadilika, mapovu au mashapo yanayotuama, na pia hakiliwi na asidi nyingi.

Kioo chenyewe si kile cha dirishani. Maji yanayochemka yakimiminwa katika glasi baridi, upande wa ndani hutanuka kabla upande wa nje haujapata joto, na glasi hupasuka. Mwishoni mwa karne ya 19, Otto Schott, mtaalamu wa kioo katika mji wa Jena, Ujerumani, alipunguza tatizo hilo kwa kuchanganya oksidi ya boroni katika kioo. Kioo cha borosiliketi hutanuka kwa takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida. Mwaka 1915 kampuni ya Corning ya Marekani ilianza kuuza kioo cha aina hiyo kwa jina la Pyrex.

Miongoni mwa vyombo vya kuchanganyia na kuchemshia, kinachotumika zaidi ni bika. Ina mdomo mpana, kitako bapa na kidomo cha kumiminia. Mistari iliyochorwa ubavuni mwake ni ya kukadiria tu, na kosa lake laweza kufika asilimia 5. Flaski ya koni, inayohusishwa na mkemia Mjerumani Emil Erlenmeyer, ni pana chini na nyembamba juu. Mtu huishika shingoni na kuizungusha kwa kifundo cha mkono, na kimiminika huzunguka ndani bila kuruka nje. Flaski ya mviringo hutumika kuchemshia kwa muda mrefu, kwa kuwa haina pembe na joto huenea sawasawa, ila haisimami bila kishikizo. Neli ya majaribio ni ya kiasi kidogo cha kemikali. Inapopashwa moto huinamishwa, na mdomo wake huelekezwa mbali na watu.

Kwenye kupima, jambo kubwa ni wembamba. Mililita 1 ya maji ikiongezwa katika bika yenye upana wa sentimita 7, maji hupanda kwa robo ya milimita tu, na jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Mililita hiyohiyo katika bureti hujaza takriban sentimita nzima ya mrija. Ndiyo maana silinda ya kupimia ni ndefu na nyembamba kuliko bika, na flaski ya ujazo ina tumbo kubwa lakini shingo nyembamba yenye mstari mmoja tu. Flaski hiyo hutumika kutengeneza miyeyusho ya ukolezi unaojulikana: chumvi iliyopimwa huyeyushwa kwa maji kidogo, kisha maji huongezwa hadi kwenye mstari, yale ya mwisho yakiingizwa tone kwa tone. Vipimo vyake kwa kawaida huwekwa kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi, hivyo haipashwi moto.

Pipeti hutoa ujazo mmoja maalumu, mara nyingi mililita 25. Kimiminika huvutwa kwa kipira maalumu, si kwa mdomo. Baada ya kutoka, tone dogo hubaki kwenye ncha. Tone hilo halipulizwi, kwa sababu aliyeweka alama kwenye pipeti alikwisha kulihesabu.

Bureti hutoa kiasi chochote hadi mililita 50 kupitia koki iliyo chini yake. Kazi yake kuu ni titresheni. Alkali iliyopimwa kwa pipeti huwekwa katika flaski ya koni pamoja na matone machache ya fenofthalini, na kimiminika hugeuka rangi ya waridi. Asidi hudondoshwa kutoka kwenye bureti huku flaski ikizungushwa. Mwanzoni rangi hufifia pale tone linapoangukia, kisha hurudi. Karibu na mwisho hukawia kurudi, na hatimaye tone moja huiondoa kabisa. Tone hilo lina takriban mililita 0.05, kiasi ambacho silinda haiwezi kukitambua. Kabla ya kazi, bureti husuuzwa kwa asidi itakayotumika, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yangeizimua. Flaski husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa tu, kwani maji hayabadilishi kiasi cha alkali kilichomo.

Uso wa maji katika mrija mwembamba huwa umebonyea katikati. Kipimo husomwa chini ya mbonyeo huo, jicho likiwa usawa mmoja nao. Anayesoma kutoka juu hupata kipimo kisicho sahihi.

Vyombo vingine hutenganisha. Faneli yenye koki hutenganisha mafuta na maji: maji, yaliyo mazito zaidi, hutuama chini na kutolewa kwanza. Kondensa ya Liebig ni mrija uliozungukwa na koti la maji baridi, nayo hugeuza mvuke kuwa kimiminika. Maji huingizwa kwa chini na kutokea juu ili koti lake lisikose kujaa. Kanuni hiyohiyo hutumika katika milima ya Jabal Akhdar, Oman, kukeneka maji ya waridi. Kwa viumbe vidogo kuna sahani ya Petri, iliyoelezwa na Julius Richard Petri mwaka 1887. Kifuniko chake ni kipana kidogo kuliko sahani, hivyo huzuia vumbi na vijidudu vya hewani.

Kioo nacho kina adui zake. Asidi ya hidrofloriki hukila, hivyo huhifadhiwa katika plastiki. Alkali kali hukitafuna polepole na kugandisha vizibo na koki za kioo. Adui wa kila siku ni mafuta ya vidole. Chombo kinachosuuzwa hukaguliwa kwa maji yenyewe: yakiteremka kama utando mmoja, ni safi, yakikatika matone matone, kinarudishwa kwenye sabuni.