Paka Naye ni Mzazi

Hapa Mpanda tunavuna mahindi na mpunga, na mlinzi wa ghala ni paka. Lakini akishazaa, mara nyingi tunamsahau.

Mwekee boksi lenye kitambaa kikavu, mahali patulivu. Anyonyeshapo huhitaji chakula zaidi: mchemshie dagaa wa Karema wasiotiwa chumvi, na maji safi yasikosekane. Mwangalie kila siku. Titi likiwa gumu na la moto, akitokwa na uchafu unaonuka, au akitetemeka na kukakamaa kwa kupungukiwa madini ya chokaa, mpeleke upesi kwa daktari wa mifugo. Usimpe Panadol kamwe. Kidonge kimoja tu chaweza kumuua.

Mzazi akifa, watoto hukosa maziwa, na panya hurudi ghalani.