Mcheza Kwao Hutunzwa, Si Kushangiliwa Tu

Mcheza kwao hutunzwa. Ndivyo walivyonena wahenga, na methali hiyo ilinijia kichwani Ijumaa moja hapa Mbita, nilipoalikwa katika chuo kimoja kidogo kilicho karibu na ziwa, siku ya kuwatuza wanamichezo wake.

Nisikufiche, msomaji mpenzi: chuo chenyewe si cha kutisha. Hakina uwanja wa kuketi watu. Wavu wa voliboli umefungwa kwenye nguzo mbili za miti, na upepo wa alasiri unapovuma kutoka Ziwa Victoria, mpira unaopigwa upande wa mashariki hurudi wenyewe magharibi. Mkufunzi wa wasichana ni yule yule anayewafundisha hesabu. Hata hivyo, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma palikuwa na kikombe, na kikombe hicho kilikuwa kimeletwa na wasichana hao baada ya kuwashinda wenzao wa vyuo vikubwa.

Basi wakaitwa mmoja mmoja. Vigelegele vilipasua anga. Akina mama wauza samaki walikuwa wameacha beseni zao sokoni kuja kuwaona binti zao, na mzee mmoja, jaduong' wa kuheshimika, alisimama na fimbo yake akacheza hatua tatu mbele ya meza kisha akarudi kuketi kana kwamba hakufanya kitu. Akaitwa kijana wa mbio za mita 1,500. Ikaitwa timu ya kandanda, na mwisho akaitwa golikipa wake, ambaye nilielezwa kwamba mwaka mzima alifungwa mabao machache kuliko vidole vya mikono.

Golikipa hakutokea. Akaitwa mara ya pili, na mara ya tatu. Pakawa kimya. Ndipo sauti moja ya nyuma ikasema kwa upole, "Yuko ziwani."

Kila mtu pale alielewa. Kijana alikuwa na deni la karo, na mwenye deni la karo huku kwetu huenda kuvua omena. Kazi hiyo ni ya usiku: taa huwashwa juu ya maji ili kuwavuta samaki, nyavu zikavutwa hadi mikono ikachubuka, na alfajiri mtu hurudi ufuoni akiwa hana nguvu ya kushika kitabu, sembuse kudaka mpira. Mkuu wa chuo akakiweka kifurushi cha zawadi kando ya meza, akaendelea na orodha.

Nami nikakumbuka mbali. Katika shule niliyosoma miaka ya themanini, tulikuwa na winga wa kushoto ambaye hata walimu walisahau heshima zao alipopata mpira. Siku tuliyochukua kikombe cha wilaya alibebwa mabegani kutoka uwanjani hadi shuleni. Muhula uliofuata alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na hakuna bega hata moja lililombeba kumrudisha. Miaka mingi baadaye nilimkuta akiivuta mashua ufuoni. Tulisalimiana kwa furaha. Aliniuliza jambo moja tu: kama kile kikombe kingali katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kilikuwapo, nikamwambia. Sikujua niseme nini zaidi.

Ndiyo maana naiuliza methali yetu swali. Kutunzwa ni nini? Katika ngoma, mchezaji hodari hutunzwa fedha na kanga. Lakini neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa mtoto, kwa mgonjwa na kwa mali. Kumtunza mtu ni kuhakikisha kwamba kesho atakuwapo.

Na katika nchi yote ya Kenya, hakuna mahali panapofaa kuuliza swali hili kama Mbita. Ukivuka daraja hapo ng'ambo, uko katika kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mboya ndiye aliyewatafutia vijana wetu nafasi za masomo Marekani wakati ambapo nafasi hapa nyumbani zilikuwa za kuhesabika. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Miongoni mwa waliomsaidia kuchanga nauli alikuwamo mwanamichezo, Jackie Robinson, mtu mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani mwaka 1947. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi mwanamichezo katika chuo kikuu cha UCLA, na aliujua uzito wa nafasi moja anayopewa kijana.

Wengi wa wanafunzi hao hawakwenda katika vyuo vyenye majina makubwa. Wangari Maathai, aliyesafiri mwaka 1960 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisomea shahada yake ya kwanza katika chuo kidogo cha watawa kule Atchison, Kansas. Njia ilikuwa imefunguliwa, na baada ya kalamu kupita, miguu nayo ikapita.

Tazama Michezo ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972. Kenya ilishinda nishani ya dhahabu katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, kwa dakika 2 na sekunde 59.8, mbele ya Uingereza na Ufaransa. Waliokimbia ni Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Ouko huyu si yule waziri aliyeuawa mwaka 1990. Huyu alikuwa mwanariadha kutoka Kisii, jirani zetu wa juu milimani. Yeye na Sang walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja, North Carolina Central, chuo cha watu weusi katika mji wa Durham, chini ya mkufunzi LeRoy Walker. Sang alikuwa ameshapata pia nishani ya shaba katika mita 400. Hebu fikiri: chuo ambacho Wamarekani wengi hawakukijua, nusu ya timu iliyoshinda dunia ilikuwa ikilala katika mabweni yake!

Katika michezo hiyo hiyo, Mike Boit alipata nishani ya shaba ya mita 800. Boit alisoma Eastern New Mexico, chuo kilicho katika mji mdogo wa Portales, akaendelea na masomo ya juu Stanford na Columbia, na hatimaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miguu ilipochoka, kalamu ilikuwa bado ina wino.

Kisha Seoul, mwaka 1988. Peter Rono, kijana wa miaka 21 kutoka shule ya St. Patrick's, Iten, alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 35.96, akimwacha nyuma Peter Elliott wa Uingereza. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Emmitsburg, Maryland. Na kule Iten alikotoka, mtawa kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, alikuwa amefika mwaka 1976 kufundisha jiografia bila ujuzi wowote wa ukufunzi wa riadha. Alianza na wanafunzi waliokuwa mbele yake, ndani ya ua wa shule.

Sisemi kila golikipa wa Mbita atafika Olimpiki. La hasha. Ninalosema ni kwamba watu hawa wote walishangiliwa, lakini kabla ya kushangiliwa walikuwa na kitanda, sahani ya chakula, na dawati ambalo hakuna aliyewafukuza. Chuo kuwa kidogo hakukuwa kikwazo. Pengine kulisaidia, kwani katika chuo kidogo, kiti cha mtu kikiwa kitupu huonekana.

Na Ijumaa ile kilionekana. Orodha ilipokwisha, yule jaduong' aliyecheza hatua tatu aliomba ruhusa ya kusema. Hakutoa hotuba. Aliuomba mpira wa timu ya kandanda, akauinua juu, akasema anaununua kwa shilingi mia tano, kisha akawarudishia vijana. Wewe uliyewahi kuhudhuria harambee unajua kilichofuata. Mama mmoja muuza samaki akaununua mpira ule ule kwa mia mbili, akaurudisha. Mkufunzi wa hesabu akaununua. Nahodha wa wasichana wa voliboli akasimama kwa niaba ya wenzake, akaweka mezani bahasha waliyokuwa wamezawadiwa muda mfupi uliopita. Mimi nami nikaununua, nikaushika kidogo. Ulikuwa umechunika ngozi upande mmoja.

Mhasibu wa chuo aliandika kila shilingi katika kitabu cha stakabadhi kwa jina la golikipa. Deni lote halikuisha, nisije nikakudanganya. Lakini lilipungua vya kutosha ili aruhusiwe kufanya mtihani, na mkuu wa chuo alilitangaza hilo mbele yetu sote ili lisije likasahaulika Jumatatu.

Niliondoka giza likiwa limeingia. Kutoka barabarani niliziona taa za wavuvi wa omena zikimetameta juu ya maji, nyingi kama mji. Chini ya mojawapo alikuwapo kijana ambaye bado hakujua kwamba mpira wake ulikuwa umenunuliwa zaidi ya mara thelathini mchana ule.

Basi, msomaji mpenzi, muhula huu ukialikwa katika siku ya zawadi ya shule iliyo karibu nawe, piga makofi, tena yapige kwa nguvu. Kisha sikiliza vizuri majina yanapoitwa. Likiitwa jina mara tatu na mtu asitokee, usikubali orodha iendelee kabla hujauliza mwenyewe yuko wapi.