Fahamu: Dalili za Mwili Kuzidiwa na Baridi

Katika msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, joto la usiku jijini Nairobi, lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huweza kushuka hadi nyuzijoto 10 hivi, kiwango kisichogandisha maji lakini kinachotosha kumdhuru mtoto mchanga au mzee anayelala katika nyumba ya mabati huko Dandora, Kayole au Mathare, hasa akiwa amelowa.

Haipothemia, yaani hali ya joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzijoto 35, huanza kwa kutetemeka. Hata hivyo, la kuogopesha zaidi ni kutetemeka huko kukoma ilhali mtu bado ni baridi, kwa kuwa mwili huwa umeishiwa na nguvu za kujipasha joto. Ulimi huwa mzito, mtu hupepesuka na kuchanganyikiwa, na akikutwa kando ya baa alfajiri hudhaniwa kuwa amelewa tu, ingawa pombe yenyewe hutanua mishipa ya damu ya ngozi na kuharakisha upotevu wa joto. Mtoto mchanga huenda asitetemeke kabisa: hulegea, hukataa kunyonya, na kifua chake huwa baridi kikiguswa.

Mgonjwa huvuliwa nguo zilizolowa, hufunikwa blanketi na kukimbizwa hospitalini. Mtoto huwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Jiko la makaa halifai kuwashwa katika chumba kilichofungwa, kwani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuwaua waliolala.